Kitoto cha Mbuzi ni Akiba ya Chama

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa wajumbe wa vyama vya wafugaji wa mbuzi wa maziwa, Milima ya Uluguru



Mmezoea kuniona nikiwa na leja, stakabadhi na mihtasari ya mikutano. Leo nimeombwa niseme juu ya kumtunza mbuzi aliyezaa pamoja na vitoto vyake, na huenda baadhi yenu mnajiuliza mkaguzi wa hesabu ana shughuli gani katika banda la mbuzi saa nane usiku. Jibu langu ni fupi. Katika chama kinachokopesha mbuzi, hesabu huanzia bandani. Kitoto kinachozaliwa usiku huo ni mali ya chama, na kikifa kabla ya jua kuchomoza, hakuna mwandishi wa vitabu awezaye kukirudisha kwa kalamu.

Mambo ya utunzaji nitakayoyataja ni yale ambayo mabwana mifugo na mabibi mifugo wamekuwa wakiyafundisha kwa miaka mingi. Kazi yangu ni kuyaunganisha na leja, kwa sababu nimeona kwamba mambo haya mawili yametenganishwa, na utengano huo unavigharimu vyama vyetu.

MBUZI WETU NA MKOPO WETU

Ndugu wanachama, mnaijua nchi yenu kuliko mimi. Miteremko ni mikali, mashamba ni vipande vidogo, na mahali pengi ng'ombe hana pa kusimama wala malisho ya kumtosha. Mbuzi ndiye anayefaa hapa. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wa Kinorwe waliletwa Morogoro kwa ushirikiano wa wataalamu wetu na wenzao wa Norway, na Mgeta ikawa miongoni mwa sehemu walikofugwa na wakulima wadogo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 kutokana na kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa hapa Morogoro, kimekuwa karibu na kazi hiyo tangu mwanzo wake. Leo machotara wa mbuzi hao wamekuwa sehemu ya maisha ya watu wa Mgeta. Watoto hupata maziwa, na kabeji, njegere na viazi hupata samadi.

Vikundi na vyama vingi vya wafugaji hufuata utaratibu tunaouita kopa mbuzi, lipa mbuzi. Mwanachama hupewa mbuzi jike. Akizaa, kitoto jike cha kwanza hulelewa mpaka kiachishwe ziwa na kupata nguvu, kisha hupewa mwanachama mwingine aliyeko katika orodha ya kusubiri. Utaratibu huu ni mzuri. Hauna riba, wala haumlazimu mwananchi asiye na fedha taslimu kwenda kuomba benki. Lakini una tabia moja ambayo yatupasa tuielewe: mtaji wake una pumzi. Fedha iliyofungiwa sandukuni haifi kwa baridi. Kitoto cha mbuzi chaweza kufa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chama kimekopesha mbuzi 20. Wote wamezaa, baadhi wamezaa pacha, na jumla ya vitoto ni 30. Kwa kawaida nusu huwa majike, basi tuseme tumepata majike 15. Familia 15 zilizo katika orodha zinajiandaa kupokea. Sasa tuseme kwamba katika wiki ya kwanza theluthi moja ya majike hao wamekufa. Wamebaki 10. Familia tano zitasubiri uzazi mwingine, na kwa kuwa mbuzi hubeba mimba kwa siku zipatazo 150, kisha hukamuliwa na kupumzishwa, kusubiri huko ni karibu mwaka mzima. Na hasara haiishii hapo. Kila jike aliyekufa angezaa naye akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, na watoto wake wangewafikia wengine. Kifo kimoja cha usiku mmoja hurefusha foleni kwa miaka.

Katika vitabu nilivyokagua mahali mbalimbali, nimekuta hasara ya namna hii ikielezwa kwa neno moja tu: "amekufa". Haielezwi siku gani, wala kwa nini. Nikiuliza, huambiwa kuwa ni bahati mbaya. Ndugu zangu, chama hakiwezi kuweka bahati mbaya katika safu ya matumizi mwaka baada ya mwaka. Vifo vingi vya vitoto vya mbuzi hutokea katika siku chache za mwanzo, na sababu zake kubwa zinajulikana: baridi, njaa, kukosa maziwa ya kwanza, uchafu wa kitovu, na mama dhaifu. Zote hizo zaweza kupunguzwa kwa vitu vilivyomo nyumbani mwa mwanachama.

KABLA YA KUZAA

Utunzaji wa kitoto huanza kabla hakijazaliwa. Mwanachama aandike siku mbuzi wake alipopandwa na beberu. Asipoiandika, hataijua siku ya kuzaa, naye atashtukia kitoto kimelala kwenye tope. Akihesabu siku 150 atajua juma la kuwa macho.

Mbuzi mwenye mimba aachwe kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike na mwili ujenge akiba. Katika wiki sita za mwisho kitoto hukua upesi sana tumboni, kwa hiyo chakula cha mama kiongezwe ubora. Apewe majani mazuri, marando ya viazi, lukina pale inapoota, na pumba au mashudu kidogo kidogo, pamoja na chumvi ya kulamba na maji safi. Mbuzi aliyekonda huzaa kitoto chepesi na hukosa maziwa. Yafaa pia kumwuliza bwana mifugo juu ya chanjo na dawa ya minyoo mapema, maana chanjo nyingine zikitolewa majuma machache kabla ya kuzaa, kinga yake hupita katika maziwa ya kwanza na kukifikia kitoto.

Juma la kuzaa likikaribia, banda lisafishwe na kuwekwa majani makavu. Wengi wenu mnafuga katika mabanda ya kuinuliwa yenye sakafu ya fito au mbao, na hilo ni jambo jema kwa kuwa kinyesi hudondoka chini. Lakini mwanya unaomtosha mbuzi mkubwa huweza kunasa mguu mwembamba wa kitoto. Weka kona moja iliyofunikwa vizuri kwa ubao na majani makavu, na ukinge upande unaovuma upepo.

SAA YA KUZAA

Mbuzi anayekaribia kuzaa hujitenga, hukwaruza sakafu, huinuka na kulala, na kiwele chake hujaa. Mwache kwa utulivu, ukae karibu bila kumsumbua. Kwa kawaida kitoto hutangulia na miguu miwili ya mbele, pua ikiwa juu yake. Ikiwa mama amesukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa moja na hakuna kinachotokea, au umeona mguu mmoja tu, au kichwa bila miguu, mwite mtaalamu bila kuchelewa. Asiyejua asivute. Wengi wameua mama na mtoto pamoja kwa kuvuta.

Kitoto kikitoka, ondoa ute puani na mdomoni kwa kidole safi au kitambaa safi, kipate kuvuta pumzi. Kisha kiweke mbele ya mama akilambe. Kulamba kwa mama kunakausha manyoya, kunaamsha damu ya kitoto, na kunamfanya mama amtambue mwanawe. Kama mama amechoka au anahangaika na pacha wa pili, wewe mwenyewe kisugue kitoto kwa majani makavu au kipande cha gunia safi mpaka kikauke. Kitoto kilicholowa katika upepo wa milimani hupoteza joto upesi kuliko unavyodhani.

Halafu kitovu. Kitovu kibichi ni mlango uliofunguka, na kila uchafu wa sakafu unaweza kuingia humo. Kikiwa kirefu mno, kifunge kwa uzi safi na kukikata kwa wembe mpya, ukiacha urefu wa vidole viwili. Kisha kichovye chote katika tinkcha ya ayodini iliyomiminwa kwenye kikombe kidogo, na dawa iliyobaki kikombeni usiirudishe katika chupa. Rudia tena siku hiyo hiyo. Wafugaji wengi wamewahi kuona kitoto kilichokuwa kizima, kikaanza kuchechemea na kuvimba magoti baada ya siku kadhaa. Ugonjwa huo mara nyingi huingilia kitovuni, na pepopunda nayo hupitia njia hiyo. Chupa moja ndogo ya dawa inatosha vitoto vingi, na chama chaweza kuinunua kwa pamoja na kugawa kwa mabalozi wa wafugaji.

Jambo jingine ni afya ya binadamu. Anayesaidia uzalishaji avae glovu, au afunge mikono kwa mifuko safi ya plastiki, na anawe kwa sabuni mara amalizapo. Mama mjamzito asishike maji ya uzazi wala kondo la nyuma, kwa sababu yapo magonjwa ya kutupa mimba yanayotoka kwa mbuzi na kumwambukiza mtu. Kwa sababu hiyo hiyo maziwa ya kunywa nyumbani yachemshwe.

DANG'A

Ndugu wanachama, kama mtasahau yote niliyosema leo, naomba hili msilisahau. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya rangi ya manjano ambayo wazee huyaita dang'a, ndiyo uhai wa kitoto.

Sababu yake ni hii. Binadamu huzaliwa akiwa tayari na sehemu ya kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni. Mbuzi sivyo. Kondo la mbuzi haliruhusu kinga hiyo ipite, kwa hiyo kitoto huzaliwa mikono mitupu kabisa. Kinga yake imo katika dang'a, na tumbo la kitoto huweza kuipokea kwa muda mfupi tu. Saa za kwanza mlango uko wazi. Kila saa inayopita unazidi kufungwa. Baada ya siku moja umekwisha fungwa. Dang'a ya kesho hushibisha, lakini haikingi tena kama ile ya leo.

Kwa hiyo kitoto kinyonye ndani ya saa moja ya kwanza, na kisipite saa sita bila kushiba. Kwanza safisha kiwele kwa maji vuguvugu, kisha kamua matone machache kutoka kila chuchu, maana huwa na kizibo kidogo ambacho kitoto dhaifu hakiwezi kukitoa. Kisaidie kitoto kuipata chuchu. Usitosheke kuona kinahangaika chini ya mama. Shika tumbo lake uhakikishe kuwa limejaa. Kwa pacha, hakikisha kila kimoja kimenyonya, kwa sababu chenye nguvu humsukuma mwenzake, nawe ukiona mmoja ameshiba utadhani wote wameshiba.

Kipimo kifuatacho kinafaa kukumbukwa: katika siku ya kwanza kitoto kipate dang'a isiyopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kitoto cha kilo 3 kinahitaji mililita 300, yaani pungufu kidogo ya chupa ya soda, katika milo minne au mitano. Kisichoweza kunyonya, kamulia dang'a kwenye chombo safi ukinyweshe kwa chupa yenye chuchu. Usimimine maziwa mdomoni mwa kitoto kilicholegea kisichoweza kumeza, kwa maana yataingia mapafuni. Hapo mtaalamu anahitajika.

Je, mama akifa, au asiwe na maziwa? Hapa ndipo ushirika unapoonyesha faida yake. Jirani ambaye mbuzi wake mzima amezaa siku hiyo au jana yake anaweza kutoa dang'a ya ziada. Penye jokofu la kugandisha, dang'a huweza kuwekwa katika vichupa vidogo na kukaa miezi. Wakati wa kuitumia, chupa itumbukizwe katika maji ya moto kiasi mpaka ipate joto la mwili. Isiwekwe motoni ichemke, kwa kuwa itaganda na kinga yake itaharibika.

BARIDI YA MILIMANI

Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, lakini Nyandira iko juu ya mita 1,500. Mwezi Juni na Julai watu wa huko hulala na mablanketi mazito, na mvua za masika huacha ukungu unaolowesha hata kuta. Maelekezo yaliyoandikwa kwa mfugaji wa bondeni hayatoshi kwa mfugaji wa Tchenzema.

Jifunzeni kipimo cha kidole. Tia kidole safi mdomoni mwa kitoto. Mdomo ukiwa na joto, kitoto ki salama. Mdomo ukiwa wa baridi, kitoto kimo hatarini hata kama bado kinalia. Mwenye kipimajoto ajue kwamba joto la kawaida ni nyuzi 39 au karibu na hapo. Likishuka chini ya 37, kitoto kipashwe joto kwanza kabla ya kunyweshwa, kwa sababu tumbo lililopoa haliwezi kuyasaga maziwa. Kikaushe, kiweke ndani ya boksi lenye majani makavu, na kando yake weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Waweza kukiweka karibu na mafiga jikoni, mradi kisikae ndani ya moshi. Kikichangamka na kuanza kutafuta chuchu, kipe dang'a, kisha ukirudishe kwa mama yake mapema ili asimkatae. Kitoto kilichopoa na kulegea hata hakiinui kichwa kinahitaji mtaalamu mara moja, maana pengine sukari ya damu nayo imekwisha.

MAMA ALIYEZAA

Katika pilikapilika za kitoto, mama husahauliwa. Mara baada ya kuzaa ana kiu kubwa. Mpe maji safi ya vuguvugu, na majani mazuri karibu yake. Usimrundikie pumba siku hiyo. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, kwa sababu nafaka nyingi za ghafla huharibu tumbo lake. Lakini maji yawepo wakati wote. Anayekamuliwa huhitaji maji mengi kila siku, na palipo na umbali wa mto, mzigo huo lazima uhesabiwe kabla ya kuomba mkopo wa mbuzi.

Kondo la nyuma kwa kawaida hutoka lenyewe katika saa chache. Usilivute kamwe wala usilifungie jiwe. Zikipita saa 12 halijatoka, mwite bwana mifugo. Likitoka, lifukiwe shimo refu ili mbwa wasilifukue. Katika wiki mbili au tatu za mwanzo, mama hutoa uchafu wa rangi nyekundu au kahawia usio na harufu kali, na hiyo ni kawaida. Ukinuka, naye akawa na homa na kuacha kula, kizazi kina ugonjwa.

Kichunguzeni kiwele kila siku. Kikiwa cha moto, kigumu, chenye maumivu, au maziwa yakiwa na mabonge au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele, na mama atawapiga teke watoto wake kwa sababu ya uchungu. Mwanachama akimwona mama anakataa kunyonyesha, asikimbilie kusema kuwa ni mkali. Amtazame kiwele kwanza.

MAZIWA NI YA NANI?

Sasa naingia katika jambo ambalo huleta manung'uniko katika mikutano. Mwanachama ana haki ya kunywa na kuuza maziwa ya mbuzi wake. Lakini kitoto jike kilicho chini ya mbuzi huyo kina mwenyewe mwingine anayekisubiri. Akikamua hadi tone la mwisho, kitoto kikadumaa, kwa hakika ameuza mali ya mwenzake kwa vikombe.

Utaratibu wa haki si mgumu. Katika siku nne au tano za mwanzo maziwa yote ni ya kitoto; wala hayafai kuuzwa, kwa kuwa dang'a huganda inapochemshwa. Baada ya hapo, kitoto kipate angalau nusu lita mpaka lita moja kwa siku kwa kadiri kinavyokua, na familia ichukue inayozidi. Kuanzia wiki ya pili kitoto kiwekewe majani laini na maji safi kijifunze kula. Kiachishwe ziwa kikiwa na miezi mitatu hivi, tena kikiwa kinakula vizuri na kimefikia uzito wa kilo 10 au karibu yake. Umri pekee usiwe kigezo. Kitoto kilichofikisha miezi mitatu huku mbavu zinahesabika hakijawa malipo ya deni.

Katika kipindi hicho banda likae kavu. Kuanzia wiki ya tatu kuhara huua vitoto vingi vinavyobanana kwenye unyevu, na minyoo hufuata. Vitoto vitengwe na mbuzi wakubwa wakati wa usiku, majani yafungwe juu yasikanyagwe, na anayeharisha aonyeshwe kwa mtaalamu mapema.

DAFTARI

Wahenga wa biashara wametuachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo umechapishwa juu ya madaftari mengi madukani, lakini ndani ya madaftari ya vyama vya wafugaji mara nyingi mna kurasa nyeupe.

Chama kinachokopesha mbuzi kiwe na daftari la uzazi, mbali na leja ya fedha. Kila ukurasa uwe wa mbuzi mmoja. Uandikwe: namba yake ya sikio, jina la mwanachama, siku aliyopandwa, beberu aliyempanda, siku aliyozaa, idadi na jinsi ya vitoto, saa vilivyonyonya dang'a, uzito ukiwezekana, na siku ya kuachishwa. Habari za beberu zina maana kubwa. Bila hizo, baada ya miaka michache beberu atawapanda binti zake, na vitoto vitazaliwa dhaifu bila ya mtu kujua kwa nini.

Kitoto kikifa, mwanachama atoe taarifa siku hiyo hiyo. Majirani wawili wanachama waende wakaone, na sababu iandikwe kwa kadiri inavyojulikana: kilizaliwa usiku wa mvua, hakikunyonya, mama hakuwa na maziwa. Napenda nieleweke vyema. Taarifa hii haikusudiwi kumtia mwanachama hatiani. Inamlinda aliyepata msiba wa kweli, ili deni lake liahirishwe kwa azimio halali lililo katika muhtasari, badala ya kusemwa barazani kwamba amekula mbuzi wa chama. Pia inamlinda anayesubiri, kwa sababu ajuaye kuwa majirani watakuja kutazama hatauza kitoto gulioni na kusema kimekufa. Na mwisho wa mwaka, Bodi ikisoma ukurasa baada ya ukurasa, itaona kama vifo vingi vimetokea Julai, au katika kijiji fulani, au kwa mbuzi wa beberu fulani. Hapo ndipo itakapojua la kufanya. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitaka vyama vitunze vitabu na vikaguliwe. Kwa chama cha mbuzi, kitabu cha kweli ni kile kinachoonyesha mbuzi walio hai.

NANI ANAYEKESHA?

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na swali. Katika nyumba nyingi za milima hii, ni nani hukata majani, huteka maji, na huamka usiku mbuzi anapolia? Wote tunajua jibu. Ni mama wa nyumba, akisaidiwa na watoto. Lakini nikifungua rejista ya wanachama, jina mara nyingi ni la mume. Semina ikitangazwa, mume ndiye huja. Hurudi na karatasi nzuri yenye maneno ya dang'a na ayodini, akaiweka juu ya kabati, na mke wake huzalisha mbuzi kwa kubahatisha.

Waluguru kwa desturi yao huhesabu ukoo upande wa mama, na ardhi ya ukoo imepita njia hiyo tangu zamani. Sioni kwa nini chama cha ushirika katika nchi kama hii kiwe nyuma ya mila. Anayetunza mbuzi aandikwe uanachama kwa jina lake, aitwe kwenye mafunzo, na awe na sauti pale ratiba ya kulipa inapopangwa. Kumfundisha asiyekesha na kumwacha anayekesha ni kupoteza fedha ya mafunzo, na mimi kama mkaguzi ningeihoji matumizi hayo kama ninavyohoji stakabadhi isiyo na saini.

MAPENDEKEZO

Kwa hayo, naomba wajumbe mkayapeleke mambo manne katika mikutano mikuu ya vyama vyenu, mkayajadili kwa uhuru na kuyarekebisha kwa kadiri ya hali ya mahali penu.

Kwanza, kila chama kifungue daftari la uzazi na kumchagua mwanachama mmoja wa kila kitongoji kulitunza.

Pili, chama kinunue kwa pamoja tinkcha ya ayodini, glovu, chupa za kunyweshea na vipimajoto, na kuviweka kwa mtunza daftari wa kitongoji, ili mwanachama asivitafute mjini usiku wa kuzaa.

Tatu, taarifa ya kifo cha kitoto itolewe siku hiyo hiyo na kushuhudiwa na majirani wawili, na uahirishaji wa deni ufanywe kwa azimio la Bodi tu.

Nne, mafunzo ya utunzaji wa mbuzi yatolewe kwa yule anayemtunza, na jina lake liingie katika rejista.

Ndugu wanachama, hakuna katika hayo jambo linalohitaji mfadhili kutoka mbali. Yanahitaji majani makavu, maji ya vuguvugu, kalamu, na mtu wa kuwa macho katika saa sita za kwanza. Familia iliyo katika orodha ya kusubiri haimjui mbuzi atakayezaa usiku wa leo, lakini sehemu ya kesho yake imo tumboni mwa mbuzi huyo. Tukimtunza, chama kitakuwa kimelipa kilichoahidi.